Siku Niliyompeleka Meneja Kuoa Chilangala

Mkipanda Newala mkasikia watu wa Chilangala wanamwulizia Bwana Shati, ndiyo mimi huyo, na msiwaulize wao kwa nini wananiita hivyo, maana kila wakisimulia wanaongeza mtu mmoja wa kunifukuza, sasa hivi nasikia wamefika kijiji kizima pamoja na mbuzi wao. Nitasimulia mwenyewe. Aibu ni yangu, nimekaa nayo mpaka tumezoeana, na afadhali niitoe mimi kuliko itolewe na Juma utingo pale kijiweni huku anaigiza nilivyokuwa natetemeka kwa baridi.

Mambo yote yalianza na ndege.

Mama mkubwa wangu, dada yake mama, anakaa hapa hapa Chiungutwa, ukipita kona ya mikorosho nyumba yake hiyo. Mumewe, baba mkubwa, Mungu amrehemu, miaka ile soko la korosho lilipofunguliwa na kila mwenye mizani akawa mnunuzi, alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala la tajiri mmoja kule Masasi mjini. Tajiri alinunua msimu wa kwanza kama anagombana na mtu, msimu wa pili akanunua kidogo, msimu wa tatu akaondoka bila kuaga, akaacha magunia matupu, mizani iliyopinda na ndege wawili kwenye matundu. Mmoja walisema amechukuliwa na mtu wa huko juu Newala. Mwingine baba mkubwa alimfunga kwenye keria ya baiskeli akamleta nyumbani.

Msidhani ni kasuku yule mkubwa mnayemjua. Huyu mdogo, kama njiwa aliyekosa chakula cha jioni, mwili kijivu, mkia mrefu, uso wa njano, mashavu yana duara jekundu kama bibi harusi aliyepakwa rangi ya mashavu na mtu mwenye haraka, na kichwani ana kishungi, akishtuka kinasimama, akitulia kinalala. Baba mkubwa akamwita Meneja, kwa sababu alisema tajiri naye nywele zilikuwa zinamsimama vile vile akiiona mizani.

Basi baba mkubwa akarudi kwenye shamba lake la korosho, na ikawa hivi: jioni akitoka shamba na baiskeli, akifika pale kona ya mikorosho, anapiga mluzi, sauti inapanda, inapanda, inapanda, halafu inashuka moja ndefu, kisha anamalizia na kengele ya baiskeli, kring kring. Meneja akiwa ndani anaujibu wote, mpaka kengele. Mama mkubwa akisikia wale wawili wanajibizana anaanza kusonga ugali, na baba mkubwa akifika akanawa mikono, ugali uko chini. Hawakuwa na saa ndani ya nyumba ile wala hawakuihitaji.

Halafu baba mkubwa akaugua tumbo, siku chache tu, akafa.

Mama mkubwa akakaa eda. Ndani, nguo nyeupe, hatoki kwenda popote, sauti ya chini. Na Meneja naye akanyamaza. Kwanza hakuimba, halafu akawa hali chakula, halafu akaanza kujinyonyoa manyoya kwa mdomo wake mwenyewe, kifua kikabaki kama cha kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Majirani wakija kumpa pole mama mkubwa wanachungulia tundu wanasema, "Na Meneja naye kakaa eda," wanacheka kidogo, wanaondoka. Mimi ndiye nilikuwa nacheka zaidi, kwa sababu mimi kila kitu nacheka, hiyo mnaijua, tangu darasa la kwanza mpaka la saba nilikuwa nasimamishwa nje ya darasa zaidi ya nilivyokaa ndani.

Mpaka siku moja nimempelekea unga, mama mkubwa anachagua mchele kwenye ungo, akasema bila kuinua uso, "Issa, huyu akifa, mimi ndiyo basi, sitamsikia tena baba yako mkubwa."

Akaendelea kuchagua mchele. Mimi nikatafuta neno la kuchekesha, nikalikosa, na kwangu hilo si jambo la kawaida.

Nikaenda kijiweni nikafikiri. Kipindi kile nilikuwa nachuuza mitumba kwa baiskeli, kwa hiyo muda wa kufikiri ninao, hasa kwenye milima. Nikamweleza Juma, utingo wa lori la korosho, akaniambia, "Ndege kama huyo mbona yuko Chilangala? Mwenye kishungi? Yuko kwa Baba Neema, barazani, karibu na shule. Jike. Kila lori likipita anaimba."

"Jike umejuaje?"

"Anaongea sana."

(Juma hajaoa, na mnaona kwa nini.)

Nikarudi mbio kwa mama mkubwa. Nikamwambia, "Dawa nimeipata. Meneja anataka mke."

"Nani kakuambia?"

"Mtu mzima mwenye afya ananyonyoa nywele zake mwenyewe kwa sababu gani nyingine?"

"Issa, niko eda, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Yule mwenzake wa tajiri yuko Chilangala. Nampeleka wakaonane, wakipendana naongea na wenyewe, anakuja kukaa huku hata mwezi mmoja."

Akamwangalia Meneja, na Meneja anaangalia ukuta. Halafu akatoa kanga yake ya zamani, akafunika tundu mwenyewe, akafunga ncha vizuri, akaniambia, "Mchukue. Lakini arudi. Unanisikia, Issa? Hata bila mke, arudi."

Nikasema atarudi. Asubuhi yake nikavaa shati langu la maua, lile lenye kola kubwa, la kwanza kabisa kutoka kwenye belo jipya (nilijiuzia mwenyewe kwa mkopo, na deni hilo mpaka leo najidai), nikampakia Meneja kwenye lori, tukapanda Newala.

Sasa hapa lazima nisimame kidogo, maana yupo mgeni kati yenu anaweza asijue. Sisi Wayao na Wamakonde ni watani. Mtani ukimkuta na kitu unabeba, unamtukania babu yake, na yeye anakutukana, anakufukuza, mnapiga kelele mpaka mtu wa kando adhani kuna mauaji, halafu mnakaa chini mnakula pamoja, na kitu kinarudi au kinabaki kutegemea nani kachoka kwanza. Hata msibani. Hata kwenye mazishi ya baba mkubwa watani wa Kimakonde walikuja wakalala kwenye kaburi kabla yake, wakasema nafasi hii tumewahi sisi, mpaka wakapewa jogoo. Kwa mtani wako, kumchukulia kitu bila kuomba ndiyo heshima yenyewe. Kuomba ni kama unamwambia hatujuani.

Kwa hiyo njia nzima mimi nawaza namna ya kufika kwa kishindo.

Lori likanishusha Chilangala jua limeshapanda, ila ubaridi bado uko palepale (jua la huko juu ni kama taa ya chumba cha jirani, unaiona lakini haikusaidii). Nyumba nikaiona, ya bati, ina baraza, na barazani limening'inia tundu, na ndani ya tundu yuko ndege sawa na Meneja, ila wa njano zaidi, mnene, manyoya yote yapo, anaimba kama analipwa. Nyumba ya pili kuna mzee ana chale usoni, amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, Myao."

"Umejuaje mimi Myao?"

"Umebeba tundu la ndege lakini unatembea kama umebeba cheo."

Nikampenda pale pale. Jina lake Mzee Chilumba, na mlishike, maana ndiye aliyenimaliza. Nikamuuliza, "Hapa kwa Baba Neema?"

"Hapo. Anaoga uani. Unamtaka nani, yeye au ndege?"

"Ndege. Nimemletea mchumba."

Mzee Chilumba akaacha kumenya. Akaniangalia, akaliangalia tundu, akaangalia lile la barazani. Kutoka uani namsikia Baba Neema anaongea na mtu kwa Kimakonde, Kimakonde kile cha haraka cha ndani kabisa, anacheka. Nikasema huyu ndiye mwenyewe.

"Nisubiri amalize kuoga?" nikamuuliza mzee.

Akanijibu taratibu, uso mkavu kama muhogo wake, "Mtani anabisha hodi tangu lini?"

Ndugu zangu, ningekaa kwenye gogo pale nikasubiri mtu amwagie maji mgongo wake, leo nisingekuwa nawasimulia. Lakini nikapanda barazani, nikamtungua yule ndege wa njano, nikasimama katikati ya uwanja, Meneja mkono wa kulia, mchumba mkono wa kushoto, nikapaza sauti: "Wamakonde! Myao kafika! Mke nimechukua, mahari mje kuidai Chiungutwa, na mje mmenawa!"

Nikaanza kuondoka polepole, kwa madaha, nikisubiri matusi.

Akatoka Baba Neema. Ana kanga ya mkewe kiunoni, povu kichwani mpaka machoni, na nyuma yake nikasikia ndoo inaanguka na maji yanamwagika. Akapiga ukelele: "Mwizi! Mwizi wa ndege!"

Nikafurahi sana. Nikasema moyoni huyu Mmakonde anajua kutania, angalia alivyotoka na povu, wengine hata viatu wangevaa kwanza. Basi na mimi ili kunogesha nikaanza kukimbia, na huku nakimbia namgeukia, nampa ule utani wetu wa Wamakonde kula panya: "Rudi jikoni, Mmakonde, umeacha panya anaungua!"

Akasimama kidogo, kama mtu anayejiuliza panya gani. Halafu akaja kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa mtu mwenye kanga.

"Na kichwa hicho ukikisugua utamaliza maji ya Newala yote!" nikamwongezea.

Watu wakatoka. Kila nyumba inatoa watu, na wanacheka, na mimi nikiona wanacheka nazidi kukimbia. Nikakata kona ya shule, nikakutana na akina mama wanatoka kuteka maji, ndoo kichwani. Hawakushusha ndoo. Walijipanga tu njia nzima, wakasimama, mikono kiunoni, wananiangalia. Nikataka kupita pembeni, kiatu changu cha tairi kikakatika ukanda, nikaenda chini, magoti na viwiko, ila matundu nikayanyanyua juu hayakugusa ardhi (hilo hata wabaya wangu wanakubali). Kabla sijainuka mama mmoja mnene akaninyang'anya kofia, akaivaa juu ya ndoo. Kijana mmoja akanivua shati. Mwingine akaleta kamba ya katani. Nami nacheka tu, nasema jamani taratibu, hilo shati ni la belo la kwanza.

Baba Neema akafika anahema, povu limekauka upande mmoja. Hakucheka. Akawaambia watu, "Twende kwa mtendaji. Na ndoo yangu ya maji iliyomwagika itaandikwa."

Nikasema moyoni, anaendeleza vizuri.

Ofisi ya mtendaji wa kijiji ni chumba kimoja, meza moja, benchi moja, madirisha mawili, na siku ile kila dirisha lilikuwa na vichwa mpaka juu. Matundu yakawekwa mezani. Mimi nimekaa chini, mikono nyuma, kifua wazi. Mzee Chilumba alikuwa amekuja na muhogo wake, anaendelea kumenya. Mtendaji akamwambia Baba Neema aeleze.

"Mimi," akasema Baba Neema, "nimezaliwa Same. Nimekuja hapa kazi ya bwana shamba, kuwafundisha watu kupuliza salfa, ile dawa ya unga wa njano, kwenye mikorosho, mpaka lugha yenu nimejifunza, na miaka yote sijaibiwa hata sindano. Leo nimeibiwa ndege wangu Salfa mchana kweupe, na mwizi ananitukana juu."

Same. Upareni. Kicheko kikaniishia kinywani nusu, sikuweza kukitoa wala kukimeza. Mimi nimemtukana panya na kichwa Mpare, mtu ambaye hatuna utani hata wa kusalimiana (na mnajua sifa ya Wapare, mbuzi akila jani la mgomba wao, kesi inafika mahakamani mbuzi hajamaliza kutafuna).

"Mzee wangu," nikamwambia, "nisamehe, ulikuwa utani."

"Utani gani? Mimi na wewe tuna utani gani?"

"Nilidhani wewe Mmakonde."

"Kwa hiyo Wamakonde ndio wanaibiwa?"

Nikamgeukia Mzee Chilumba, nikamwambia, "Babu, mwambie! Wewe si ndiye uliniambia nisibishe hodi? Mwambie sisi watani!"

Mzee Chilumba akaweka muhogo chini. Akasimama. Akavua kofia kama anayetaka kuapa. "Mtendaji," akasema, "mimi huyu namjua. Hawa ndio walivyo. Babu yake alimwuza babu yangu kwa kipande cha kaniki, na kaniki yenyewe ilikuwa imetoboka."

Madirishani wakaangua kicheko. Mama mwenye kofia yangu juu ya ndoo akapaza sauti, "Na mimi aliniibia mume!"

"Mama, mimi sikujui!"

"Ndiyo kawaida ya wezi, kusahau!"

Nikaona nimekwisha. Kumbukeni, kila mtu mle ndani alijua kabisa ni utani, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye kesi. Na wao kwa sababu ni watani zangu hawawezi kunitetea, wakinitetea wameharibu raha. Kila nikisema ni utani wanaapa kwamba si utani, na Baba Neema kila akiwaangalia wazee wa kijiji wanavyonishuhudia, anazidi kuamini amekamata jambazi la wilaya. Mtendaji naye Mmakonde, kalamu mkononi, uso umekunjamana kwa kuzuia kicheko, anasema, "Kesi nzito hii. Nzito sana."

Baba Neema akanyoosha kidole kwa Meneja. "Na huyu mwingine pia kamwiba. Ndege hawa hawako mkoa huu mzima. Tajiri mmoja tu alikuwa nao. Mtu anayechuuza mitumba anampata wapi? Huyu naye ni kidhibiti. Apelekwe Newala mjini polisi, akae huko mpaka mwenyewe apatikane."

Hapo ndipo sikuwa na mzaha wowote. Mimi kulala polisi si neno, nimeshalala pabaya zaidi kwa hiari yangu. Lakini Meneja alikuwa hali chakula, kifua kitupu, ametikiswa kwenye lori, amekimbizwa kijiji kizima. Ukimweka juu ya kabati la polisi siku mbili, anarudi Chiungutwa ndani ya bahasha. Na mama mkubwa alikuwa ameniambia neno moja tu, arudi.

Nikasema, "Mzee, huyo ni wa mama mkubwa wangu. Mjane. Yuko eda hata sasa. Mumewe alikuwa mlinzi wa tajiri huyo huyo. Nilimleta amwone mwenzake kwa sababu amekuwa mpweke."

Baba Neema akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu. Halafu akasema, "Haya. Kama ni mchumba, tuone." Akafunua ile kanga.

Salfa alimwona mwenzake, akasogea kwenye waya, akainua kishungi, akaimba, wimbo mtamu kweli, hata akina mama madirishani wakasema "aaah". Meneja akamwangalia. Akageuka. Akampa mgongo, akaficha kichwa kwenye bawa.

"Hata bwana harusi hamjui," akasema mtendaji, akashika kalamu.

Ndugu zangu, mtu akishafungwa mikono anabaki na mdomo tu. Sikupanga. Nilijaribu kupiga ule mluzi wa baba mkubwa. Mara ya kwanza midomo imekauka ikatoka hewa tupu, watu wakacheka, mmoja akasema Myao anapooza chai. Nikalamba midomo, nikajaribu tena. Sauti ikapanda, ikapanda, ikapanda, halafu ile moja ndefu ya kushuka.

Kichwa cha Meneja kikatoka kwenye bawa. Kishungi kikasimama wima. Akatembea kwenye kijiti chake mpaka mwisho, akaniangalia mimi pale chini nilipokaa, akaupiga mluzi wote, ule ule, wa baba mkubwa mwenyewe, na mwisho akamalizia: kring kring.

Hakucheka mtu. Mzee Chilumba akasema taratibu, "Huo ni mluzi wa mtu."

"Wa mume wake," nikasema. "Alikuwa anapiga akirudi shamba."

Mzee Chilumba akamwambia kijana anifungue. Kisha akamgeukia Baba Neema, akamweleza utani wote, toka mwanzo, wa Wayao na Wamakonde, wa kuchukua na kufukuzana, hata wa kulala kaburini. Baba Neema akasikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanisemesha mimi, kumbe aliwasemesha wao.

"Miaka yote naishi na nyinyi," akasema, "nazika na nyinyi, nakula na nyinyi, na hakuna hata mmoja aliyeniibia hata kuku?"

Wakatazamana. Mtendaji akaangalia meza. Mzee Chilumba akakuna kichwa, akasema, "Tulikuwa tunakuheshimu, bwana shamba."

"Basi acheni."

Akachukua tundu lake. Akachukua na shati langu la maua kutoka kwa yule kijana, akalipima kifuani, likamtosha. Akalivaa, akafunga vifungo vyote, akaenda zake. Nikamwita, "Mzee, shati!" Akageuka mlangoni akasema kwa Kimakonde safi neno ambalo siwezi kulisema hapa kuna watoto, na Chilangala nzima ikaanguka chini kwa kicheko. Ndiyo shati lilivyoondoka. Mpaka leo analivaa siku ya mkutano wa kijiji.

Nililishwa ugali na kisamvu kwa Mzee Chilumba, nikapanda lori la jioni kifua wazi, baridi ya Newala inanipiga kutoka kila upande, na kanga ya mama mkubwa iko palepale, nzuri, nzito, lakini imemfunika Meneja. Juma utingo akaniambia, "Si ujifunike?" Nikamwambia aliyeazimwa siyo mimi.

Sasa nyie mnadhani aibu imeishia hapo. Na mimi nilidhani.

Tulishuka Chiungutwa jua linaanza kuzama, nikamfunga Meneja kwenye keria ya baiskeli yangu, nikaenda kwa mama mkubwa nimejaa furaha, kwa sababu dawa nimeshaijua. Meneja hakuwa anataka mke. Alikuwa anasubiri simu ambayo haipigwi tena. Nikafika kona ya mikorosho, na kwa akili zangu hizi mnazozijua nikasema ngoja nimfurahishe mama mkubwa. Nikapiga mluzi. Meneja akajibu. Nikapiga na kengele, kring kring.

Mlango ukafunguka kwa nguvu. Mama mkubwa alitoka mbio mpaka kizingitini, mwiko wa ugali mkononi, akasimama hapo hapo kwa sababu ya eda, nguo yake nyeupe, shingo imenyooka kuangalia njia. Akaniona mimi. Bila shati, magoti yamechubuka, kofia hakuna, natabasamu.

Nikaona uso wake unavyoshuka.

"Shikamoo mama mkubwa," nikasema.

Hakuitikia. Alichukua tundu, akaingia ndani, akarudisha mlango. Nilibaki pale uani na baiskeli yangu, na nawaambia kweli, kule Chilangala nilivuliwa shati na watu wengi wananiangalia, lakini sikujisikia uchi.

Kesho yake nilikwenda kuomba msamaha, nimejiandaa maneno, sikupewa nafasi ya kuyasema. Alikuwa anapepeta. Akasema, "Ule mluzi usipige tena pale kona."

"Sitapiga, mama mkubwa."

"Ukija, ingia ndani kwanza. Ukae hapa nikuone. Halafu ndiyo umpigie, nijue ni wewe."

Basi ikawa kazi yangu. Jioni nikimaliza mitumba napita, nakaa kwenye mkeka, napiga mluzi, Meneja anajibu, naongeza kengele kwa ulimi, anajibu. Akaanza kula. Manyoya ya kifua yakaanza kuota, ovyo ovyo, kama ndevu za kijana. Mama mkubwa anaendelea na shughuli zake, ila nikianza tu kupiga, yeye anainuka kwenda kusonga ugali.

Siku moja nikachelewa, pancha njiani, giza limeanza kuingia. Nafika karibu na nyumba nikasikia mluzi ndani. Nikasema Meneja ananiita. Halafu nikasikia Meneja anajibu. Nikasimama. Maana kama huyu anayejibu ni Meneja, yule wa kwanza ni nani? Ukapigwa tena. Mwembamba, una pumzi nyingi ndani yake, ile sauti ya kushuka inakatika njiani na kuanza upya, kama mtu aliyeacha kupiga tangu alipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Na nyie mnajua kwetu mwanamke hapigi mluzi, ni utovu wa adabu, na mjane aliye ndani ya eda ndiyo usiseme kabisa. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine.

Niligeuza baiskeli taratibu, nikaibeba ili mnyororo usilie, nikarudi mpaka kwenye kona ya mikorosho. Nikakaa chini kidogo. Halafu nikaja tena kwa kelele, nakohoa, naimba, nimeshika kengele haiachi kulia.

Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, kanga imefunika mdomo, Meneja anakula mtama.

"Umechelewa," akasema.

"Pancha, mama mkubwa. Nimpigie?"

"Leo mwache. Ameshaongea."

Nikasema sawa. Tukala.

Kwa hiyo mimi tangu siku zile nimeacha mambo mawili. Simtanii mtu yeyote, hata akinitukana kwanza, mpaka nimemuuliza kwao wapi. Na nyumba ile siifikii kimya kimya. Naanza kupiga kengele tangu kule mbali, barabarani, ili mwenyewe apate muda wa kuufuta mdomo wake.